Lenzi ya f/1.2 ya Arusha: naitaka, ila yule muuzaji!

Naandika hasira zikiwa bado za moto, maana zikipoa najijua: nitapanda kosta, nitashuka Arusha, nitampelekea yule bwana pesa yake mkononi.

Lenzi yenyewe ni Canon FD 55mm f/1.2 S.S.C., ya miaka ya 1970, zile zenye pete ya rangi ya fedha nyuma. FD ni mfumo wa zamani wa Canon wa kufungia lenzi kwenye kamera, na hiyo f ni tundu la kupitishia mwanga: namba ndogo, tundu kubwa. Mwenzangu mmoja tunayepiga naye harusi hapa Moshi ndiye aliyenitumia picha yake, imekaa kwenye kabati la kioo katika duka fulani Arusha mjini, katikati ya darubini za watalii na chaja za simu. Nikapiga simu. Laki tisa. Nikauliza, ina fangasi ndani ya vioo? "Dada, safi kama maji." Tundu linafunga na kufungua? "Kila kitu kinafanya kazi, wewe njoo tu."

Anayepiga harusi hana haja ya kuuliza kwa nini nilikwenda. Ukumbi wa sendofu ukizimwa taa ili bibi harusi aingie, unabaki na taa za DJ za zambarau na mishumaa ya mezani. Kanisani nako kuna mapadri ambao ukiwasha flashi katikati ya misa wananyamaza kabisa, wanakuangalia mpaka waumini wote wageuke. Nina 50mm f/1.8 yangu ya bei ya kawaida, sina ugomvi nayo, lakini f/1.2 inaingiza mwanga zaidi ya mara mbili ya ile. Usiku ukumbini hiyo ndiyo tofauti ya picha chenga na picha unayoweza kumkabidhi mteja bila kukwepa macho yake. Sasa ile mpya ya Canon, RF 50mm f/1.2 iliyotoka 2018, ilianza kuuzwa zaidi ya dola 2,000. Kwa kamati zetu hizi, zinazokulipa nusu halafu nusu nyingine unaidai mpaka mtoto anabatizwa? Nikaona ya zamani ndiyo saizi yangu.

Dukani kijana mmoja akanipa kiti. Huyo kijana simgusi katika haya nitakayosema. Mwenye duka alikuwa anaongea na simu, akamaliza alipotaka, akaja akaitoa lenzi kabatini. Nzito, zaidi ya nusu kilo, na kioo cha mbele kikubwa kiasi kwamba unajikuta umekiangalia tu bila kusema kitu. Nikawasha tochi ya simu ili nimulike kwa nyuma.

"Unafanya nini?"

"Naangalia ndani, kaka."

"Dada, hilo si yai."

Akaichukua. Hakuninyang'anya, niwe mkweli, aliitoa mkononi mwangu polepole kama unavyomtolea mtoto kisu, na hilo ndilo lililonichoma zaidi. Nikavumilia. Nikamwomba basi azungushe pete ya namba nione kama tundu linafunga. Akazungusha kutoka 1.2 hadi 16. Ndani kukawa kimya, hakuna kilichosogea. Akanitazama usoni na kuniambia, bila aibu: "Lenzi za zamani hazifungi. Ndiyo maana ikaitwa moja pointi mbili, iko wazi muda wote."

Hapa wasiozijua FD hizi wanisikilize. FD ya pete ya fedha ukiwa umeishika mkononi, vile vibati vyembamba vya ndani havisogei hata ukizungusha namba mpaka kesho asubuhi. Mpaka uifunge kwenye kamera au kwenye adapta, kile kiunganishi cha lenzi ya aina moja na kamera ya aina nyingine, pete ikae sawasawa na kile kijiti cha nyuma kisukumwe. Kwa hiyo lenzi nzima inaonekana mbovu, na mbovu inaonekana sawa na nzima. Huwezi kujua bila kuifunga. Ndiyo maana nilitoka Moshi na kamera yangu ya Sony na adapta yake kwenye begi. Adapta ya watu, niliyoagiza kwa pesa yangu! Nikaviweka vyote juu ya kaunta, nikamwambia naifunga mara moja tu, naitoa.

"Ukishanunua utaifunga kwako. Watu wa Moshi bwana, shilingi mnaigeuza pande zote mbili."

Kisha akaongezea sifa, eti hiyo ndiyo lenzi waliyotengenezewa NASA kwenda mwezini. Iliyotengenezwa kwa ajili ya NASA ni Carl Zeiss Planar 50mm f/0.7, miaka ya 1960, na zilitoka 10 tu. Ya kwake imeandikwa Canon mbele kwa herufi nyeupe, na alikuwa ameishika yeye mwenyewe.

Basi tukiwa hapo akaingia mzungu. Viatu vya vumbi, kamera shingoni, ametoka mbugani. Sauti ya muuzaji ikabadilika papo hapo, karibu sana, karibu, kijana akatumwa maji. Mzungu akaonyesha lenzi kwa kidole. Kamera yake ilikuwa Sony kama yangu. Na yule bwana, mbele ya macho yangu, akachukua adapta YANGU kutoka kwenye kaunta, akampa mzungu pamoja na lenzi, akamwambia ajaribu!

Mimi nimekaa kwenye kiti.

Mzungu alikuwa anajua anachofanya. Akaifunga, akazungusha namba, na tundu likafunga vizuri kabisa, vibati vikavu, vinakutana sawasawa. Ile "haifungi" ikafunga. Akampiga muuzaji picha moja ya usoni, akaitazama, akanigeuzia na mimi kamera nione. Kumbe adabu yote ya siku hiyo ilikuwa imekuja na mgeni. Kisha akaitoa adapta, akanirudishia mimi mkononi, akasema asante, akamwambia muuzaji atafikiria, akaondoka.

Ile picha ndiyo inayoninyima usingizi. Jicho la kushoto unahesabu kope. Jicho la kulia limeshaanza kulegea. Sikio halipo, limeyeyuka, na makasha ya darubini nyuma yake yamebaki rangi tupu. Juu ya paji la uso ambako mwanga ulipiga kuna kiukungu chepesi, ule mng'ao ambao lenzi mpya hazikupi hata ulipe kiasi gani. Mtu aliyenikera kiasi kile sijui alipataje kupendeza vile.

Nikasimama, nikasema sawa, nachukua kwa laki tisa, nipe nimulike tochi tumalizane.

"Sasa ni milioni na laki mbili. Si umeona mwenyewe inafanya kazi?"

Na tochi? "Tochi hapana."

Nikabeba begi langu nikatoka. Njia nzima hadi Boma Ng'ombe nilikuwa namjibu kichwani.

Haya, mnaoniuliza kama lenzi za namna hii zinafaa kununuliwa. Zinafaa. Mtu asikutishe. Ni kazi, hiyo ndiyo habari: fokasi ni ya mkono, na ukiwa mita moja kutoka kwa bibi harusi, kwenye f/1.2 kinachotoka kikali ni kama sentimita mbili na ushee tu. Akivuta pumzi umemkosa. Kamera za siku hizi zinapaka rangi kwenye kingo zilizo ndani ya fokasi, lakini kwa f/1.2 ile rangi inadanganya, bora ukuze picha kwenye skrini ndipo ubonyeze. Shela jeupe litatoa moshi, hereni zitapata mstari wa zambarau pembeni, na ukifunga hadi f/2.8 yote hayo yanatulia na unabaki na picha ya kukata. Kwa mwingia-ukumbini sitaitegemea peke yake. Kwa bibi harusi aliyetulia kwenye kiti chake, mishumaa mbele yake, nisingetaka nyingine.

Wale wa kamera za Canon za EF, zenye kioo cha kuakisi ndani ya bodi, jina moja lisiwaponze. Canon waliachana na FD mwaka 1987 walipoleta mfumo mpya wa EF, na FD haikai kwenye EF bila adapta yenye kioo cha lenzi ndani, ambayo inaharibu kile kile unacholipia. Adapta isipokuwa na kioo hicho, vitu vya mbali havitakaa kwenye fokasi kamwe. Kwenye kamera hizi mpya zisizo na kioo cha kuakisi ndani ya bodi hakuna shida, adapta ni bomba tupu.

Kwa hiyo nilipofika nyumbani nilikuwa nimeshaamua: nunueni, hata kwake, funga macho lipa. Hata hiyo milioni na laki mbili niliianza kuitafutia njia, kuna kamati moja ya Machame bado ina hela yangu.

Halafu usiku nikaikumbuka ile picha vizuri. Mzungu alipiga akiwa ameupa mlango mgongo. Mwanga wote unatoka nyuma yake kumwendea muuzaji, hakuna hata taa moja inayoingia kwenye lenzi. Picha ya namna hiyo hata kioo kiwe na fangasi kinatoa safi! Fangasi na ukungu wa ndani vinajitokeza mwanga ukikupiga usoni: taa ya DJ nyuma ya maharusi, dirisha la kanisa saa nne asubuhi. Hapo picha nzima inakuwa maziwa. Na fangasi iliyokaa muda mrefu inakula ule utando wa juu ya kioo, fundi anaweza kusafisha na alama ikabaki. Lenzi ya umri ule hujui imelala wapi, pengine ilikaa miaka Tanga kwenye kabati la mtu, na joto na unyevu wa kule. Kinachokuonyesha ni tochi. Basi. Na mtu anayemwachia mgeni asiyemjua aifunge na kuifungua, lakini tochi ya simu hataki, anajua kitu.

Au hajui chochote, ni ubishi tu. Mtu anayeuza lenzi isiyofunga ya mwezini anaweza akawa kweli anaona tochi ni dharau. Hata hilo nimelifikiria, na ndiyo maana nasema sijaifuta kabisa.

Juzi kapiga mwenyewe. Sauti ya karibu-karibu, ile ya mzungu. "Dada wa Moshi, ile lenzi bado ipo. Nimekufikiria, lete laki nane. Ila usije na tochi yako."

Nikamwambia bila tochi ni laki tano.

Akakata simu. Laki tano yangu ipo.