Unga wa funza kwa watoto wa nguruwe: nanunua, ila kwa walioachishwa tu

Bei kwanza, maana ndiyo kila mtu ananiuliza. Kilo ya funza wakavu wa nzi askari mweusi shilingi 3,000, hawauzi chini ya kiroba cha kilo 25, na bodaboda ya kukufikishia Pugu, hapa Dar, unalipa mwenyewe. Dagaa wa mifugo pale Gongo la Mboto nawapata chini ya hapo kidogo. Kwa hiyo aliyekwambia funza ni protini ya bei ya kutupa, huyo kaona video, hajanunua.

Pamoja na hayo, nanunua na nitaendelea kununua. Sababu yangu kubwa ni mchanga. Dagaa wanaouzwa kwa ajili ya mifugo wengi wameanikwa chini kule ziwani, na mchanga unapanda mzani pamoja nao. Chota kiganja kimoja, tia kwenye jagi la maji, koroga, uache utulie. Kuna duka moja hapa mjini, silitaji, dagaa wao waliacha chini ya jagi mchanga wa kutosha kupigia plasta. Nikafanya hivyohivyo kwa funza: karibu wote walielea, chini kukabaki vumbi kidogo. Nanunua wakavu wazima, nawasagisha mwenyewe, maana ukishauziwa unga huwezi kujua kilichosagwa.

Kwa nini nahangaika hivi kwa watoto tu? Mtoto wa nguruwe aliyeachishwa kunyonya juzi tumbo lake bado halina asidi ya kutosha. Alizoea maziwa, leo unampa mahindi na mashudu. Protini isiyosagika tumboni inashuka chini ikiwa nzima, bakteria wanaifanyia sherehe, kesho yake unakuta mikia imelowa kwa kuhara. Ndiyo maana kumjazia soya mbichi ili namba ya protini ipande ni kumuumiza. Soya ina vizuizi vinavyokwamisha usagaji wa protini, na vinapungua kwa moto. Ikaangwe mpaka harufu ya maharage mabichi iishe. Wapo wasagishaji wanaokwepa gharama ya mkaa, wanakupa ikiwa imepitishwa motoni tu. Tafuna punje moja kabla hujalipa.

Sasa hiyo karatasi kwenye kiroba. Imeandikwa protini asilimia 42. Maabara hupima nitrojeni, kisha huzidisha kwa 6.25 ili kupata protini. Lakini funza wa nzi askari mweusi ana kaitini, kile kitu kinachoipa ngozi ya mdudu ugumu, nayo ina nitrojeni ambayo si protini. Wataalamu wa wadudu wamependekeza kuzidisha kwa 4.76, na ukifanya hivyo ile 42 inashuka mpaka kama 32. Muuzaji hajadanganya, kapima kama wanavyopima wote. Ila wewe unayechanganya chakula usiihesabu yote.

Halafu angalia rangi. Funza wenye rangi ya maziwa au krimu ni wachanga, ngozi yao laini. Wakikaribia kuwa pupa wanageuka weusi, ngozi inakuwa ngumu na kaitini inaongezeka. Nilipompigia kijana anayeuza nikamuuliza, akajibu, "Mama, weusi hatukuletei, hao tunawaacha watage." Kiroba kilipofika nikamwaga kidogo kwenye ungo. Weusi walikuwemo, hawakuzidi mmoja kwa kumi. Nimeridhika, si sana.

Swali la pili nililomuuliza ni chakula cha hao funza. Wake wanakula mabaki ya sokoni na machicha ya pombe. Wanaofugwa kwenye taka za dampo siwataki, kwa sababu funza hawa wanakusanya mwilini kadmiamu, metali yenye sumu. Na wa mabaki ya machinjio ya nguruwe sitaki hata kuwaona, homa ya nguruwe ya Afrika haina chanjo ninayoweza kuinunua dukani. Umoja wa Ulaya uliruhusu protini ya wadudu kwenye chakula cha nguruwe na kuku mwaka 2021, na hata wao ni wakali kwenye hilo: funza asilishwe kinyesi wala mabaki ya jikoni.

Mchanganyiko wangu wa kilo 100: mahindi yaliyosagwa 58, pumba laini 10, soya iliyokaangwa 18, funza 8, dagaa 4 (wa kula watu, si wale wa jagi), na kilo mbili zinazobaki ni DCP (madini ya kalisiamu na fosforasi), chumvi, premiksi (vitamini na madini) na laisini (kipande cha protini kinachouzwa peke yake). Chokaa siweki, funza wana kalisiamu nyingi. Dagaa sikuwatoa wote. Watafiti wa icipe, kituo cha utafiti wa wadudu pale Nairobi, walishawahi kuondoa unga wa samaki wote wakaweka funza, na ukuaji haukuanguka, lakini wale walikuwa nguruwe wanaokua, si hawa waliotoka kwenye titi juzi.

Wanakula? Wanakula, tena kwa kelele. Harufu yake ni ya karanga zilizokaangwa, na kijana wangu wa banda amefurahi kuliko nguruwe, maana nguo zake hazinuki tena dagaa. Kinyesi kimekuwa kigumu kwa wengi. Wawili wadogo kabisa walihara, nikawatenga na kuwapa maji ya chumvi na sukari. Muuzaji anapenda kusema mafuta ya funza yanaua bakteria. Ni kweli yana asidi ya lauriki, ileile ya nazi, lakini sakafu ikiwa na majimaji hakuna lauriki itakayokuokoa.

Mafuta hayohayo ndiyo kero. Funza hawa hawajakamuliwa, karibu theluthi ya uzito wao ni mafuta. Ukishasaga, unga unashikana vidoleni, na ukikaa kwenye joto la Dar unachacha, harufu ya karanga inageuka ya rangi ya kupaka ukuta. Nasaga wa wiki moja tu.

Wakizoea chakula, nawahamishia soya na mashudu ya alizeti, maana nguruwe mkubwa kumlisha funza kwa bei hii ni kufilisika taratibu. Ukiagiza, piga mapema. Mara mbili nimeambiwa wameisha, na mvua za masika zikianza wanaoanika juani wanachelewa zaidi. Muulize kama ana kikaushio.