Koti la theluji la mtumba kwenye jalidi ya Kitulo: uzoefu wangu

Nimelivaa misimu miwili sasa, Juni hadi Agosti. Nililinunua soko la Mwanjelwa, Mbeya, kwa shilingi 35,000, kwa mama mmoja anayeuza makoti mazito. Ni la watu wanaoteleza kwenye theluji huko Ulaya. Nililijua kwa kimfuko cha mkono wa kushoto, wanamoweka kadi ya lifti za mlimani, na kwa sketi ya ndani yenye lastiki inayobana kiunoni ili mtu akianguka theluji isimwingie mgongoni.

Kwetu theluji hakuna, baridi ipo. Nanunua viazi Kikondo na vijiji vya juu yake, natoka Uyole alfajiri kwa pikipiki. Uyole iko kama mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, uwanda wa Kitulo kama 2,600, na kila ukipanda mita 1,000 joto linashuka kama nyuzi 6. Nikishapita Isyonje vidole vinakufa ganzi. Julai, usiku usio na wingu, ardhi inapoteza joto lake na hewa baridi inateremka kujikusanya mabondeni. Asubuhi unakuta majani ya viazi yana unga mweupe wa barafu, ndiyo jalidi. Jua likiyapiga yanakuwa meusi, kama yamemwagiwa maji ya moto. Shamba la mteremkoni linaweza kupona, la bondeni limekwisha. Inauma kumwangalia mwenye shamba asubuhi hiyo.

Sasa ile sketi ndiyo iliyonikomboa. Kwenye pikipiki upepo huingilia chini ya koti ukapanda mpaka kifuani. Nikiibana, haupiti kabisa. Ukungu nao unaishia nje, unadondoka matone.

Kasoro: zipu ni ndogo, ukivaa glovu huishiki. Nimeifunga kipande cha kamba ya kiatu. Ukibeba magunia fungua zipu za kwapani mapema, maana jasho likikulowesha utatetemeka njia nzima ya kurudi. Na msilifue kama nilivyofua mimi mara ya kwanza, sabuni ya unga nyingi na kusuuza mara moja. Likaanza kunywa maji mabegani. Siku hizi sabuni kidogo, nasuuza mara tatu, nalianika kivulini.

Ukienda kuchagua, geuza ndani uangalie mishono. Iwe imezibwa kwa utepe. Ukiona utepe unabanduka, liache. Na nenda Mei. Mwenzangu alisubiri Julai, la aina hiyohiyo akalipa 60,000.