Moshi na Marangu na kamera: mlima upo, ila kilabu cha pombe ya mbege ndo habari yenyewe

Niseme mapema kabisa hii review sio ya kupanda mlima Kilimanjaro. Ni ya kutembezwa Moshi mjini, Old Moshi na Marangu na kijana mmoja mwenyeji wa huko anayetembeza watu wenye kamera, unamlipa kwa siku mnakubaliana, usafiri juu yako. Jina simtaji maana sijamuomba ruhusa, ila huduma yake nataka niielezee vizuri kwa sababu kuna kitu anafanya wengi hawafanyi.

Tulianzia mjini alfajiri, na hapo usibishane nae kuhusu kuamka, mlima huo asubuhi unauona wote, vilele vya Kibo na Mawenzi, halafu jua likipanda kidogo tu mawingu yanakuja yanaufunika mpaka jioni tena, sasa ukilala mpaka saa tatu ndo unakuja kulalamika eti mlima hauonekani. Stesheni ya reli ni nzuri sana kwa picha za saa hizo, jengo la zamani, reli ilifika hapa kutoka Tanga enzi za Wajerumani kabla ya vita ya kwanza, na treni ya abiria kutoka Dar ilikaa miaka mingi haiji ikarudi 2019. Ila omba ruhusa kwa wahusika kabla hujatoa kamera, jamaa alituombea tukapewa bila shida. Mnara wa saa tulipita tu, kila mtu ana picha yake. Kahawa tukanywa Union Café ya KNCU, ule ushirika wa wakulima wa kahawa wa tangu 1933, na kahawa yao kweli ni kahawa, mi ningekaa pale mpaka mchana.

Old Moshi nawaomba msiiruke. Ndo alikonyongwa Mangi Meli, mangi yaani chifu wa Wachaga, na Wajerumani tarehe 2 Machi 1900 yeye na viongozi wenzake, na familia mpaka leo inatafuta fuvu lake linaloaminika lilipelekwa Ujerumani. Pale nilipiga picha chache sana, jamaa alisimulia taratibu hana haraka, na mi naona hiyo ndo namna sahihi ya kupeleka mgeni sehemu kama ile, sio kushuka kwenye gari selfie mbili mmeondoka.

Sasa Marangu. Aisee.

Kilabu chenyewe ukipita barabarani hukioni, kiko ndani ndani migombani, mabati juu mabati pembeni, mabenchi ya mbao yamelainika kwa kukaliwa. Jamaa akaingia akasalimia mmoja mmoja kuanzia wakubwa, "shikamoo meku", yaani mzee kwa Kichaga, akaagiza jagi likaenda kwa wazee kwanza, tukakaa. Kamera kwenye begi. Tumekaa karibu saa nzima tunaongelea bei ya kahawa na nani kafiwa na mvua zimechelewa, mpaka mzee mmoja mwenyewe akaniuliza "we kijana, hiyo kamera umeibeba ya nini kama hupigi?" Kicheko kilabu kizima. Kuanzia hapo nilipiga nilivyotaka, hakuna aliyeficha uso, hakuna aliyeniambia toa hela kwanza.

Mama mwenye pombe alichota kwenye kata, kile kibuyu cha kunywea, akaonja yeye kwanza mbele yetu wote, ndo akampa mzee mkubwa kuliko wote pale, halafu ikazunguka. Kwa wasioijua, mbege ni ndizi mbivu zinachemshwa zinaachwa zichachuke siku kadhaa, zinachujwa, zinachanganywa na uji wa kimea cha ulezi uliotiwa magome ya msesewe, ndo yanaleta ule uchungu kwa mbali, vinginevyo ingekuwa tamu tupu. Ni nzito, inashibisha, ukinywa ulezi unabaki kwenye mdomo wa kata na kwenye masharubu ya wazee. Hiyo ndo picha yangu bora ya safari nzima, mdomo wa kata umekaribia kabisa, chembe za ulezi na povu, nyuma yake jicho la mzee linacheka. Mwanga ulikuwa ule unaopenya kwenye matundu ya misumari ya bati, na moshi wa jikoni ukipita unaona mistari kabisa hewani. Nilitumia lenzi ya 50mm imefunguliwa f/1.8 ili iingize mwanga mwingi na sikuwasha flashi hata mara moja, ukiwasha flashi mle umeua kila kitu.

Na kile kitu nilichosema wengi hawafanyi ni hiki: jamaa anasafisha picha. Anachukua nakala kwa kila mteja, anazisafisha mjini, akirudi safari nyingine anawapelekea wenyewe. Ukutani pale kilabuni nimeziona zimebandikwa, zingine zimeshapauka. Ndo maana anapokelewa vile. Kuna kampuni nyingine siitaji, huko nyuma ilinitajia bei ya dola mi Mtanzania mwenzao halafu ikanipeleka sehemu wazee wamepangwa wanasubiri wageni, wimbo mmoja, picha, tuondoke. Hivi ni vitu viwili tofauti kabisa jamani.

Kasoro zipo. Maporomoko ya Kinukamori alituchelewesha sana, tumefika jua la utosi, maji yote meupe kwenye picha, pale panataka asubuhi au siku ya mawingu. Chakula pia kilichelewa mno, machalari, zile ndizi za kupika na nyama, tumekula karibu saa kumi watu tuna njaa kali, japo ilikuwa tamu siwezi kudanganya. Na Kilema hatukufika, mi nilitaka sana lile kanisa maana wamisionari wa pale ni kati ya waliopanda kahawa mwanzo mwanzo huku mlimani, jamaa akasema siku moja haitoshi, na kweli haitoshi, basi aiuze kwa siku mbili ijulikane.

Nampa nne kati ya tano na nikipata nafasi narudi kwake. Mnaotaka kwenda, masika ya Machi mpaka Mei barabara za ndani zinateleza na mlima unajificha siku nyingi, Januari na Februari au kuanzia Juni ndo pazuri. Desemba ni stori yake, Wachaga wote wanarudi nyumbani Krismasi, vilabu vinajaa, ndafu (mbuzi mzima wa kuchoma) kila mji, picha za watu utapata mpaka memori kadi ijae, ila chumba tafuta mapema na tiketi ya basi mapema zaidi.