Duka la pembejeo la Uyole lenye daftari kaunta

Maduka ya pembejeo kati ya Uyole na Isyonje, mkoani Mbeya, karibu yote yanafanana: unaeleza shida yako, muuzaji anakushushia chupa, unalipa, unaondoka. Hili la upande wa barabara ya Tukuyu lina kaunta buku nene, limefungwa kwa kamba kwenye mguu wa meza pamoja na kalamu yake. Mkulima yeyote anaandika alipanda nini, wapi, alipulizia dawa gani na kilichompata. Mwenye la kuongeza anaongeza chini yake.

Bei ni za kawaida. Mbegu za mahindi zina lebo ya TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu, na mbolea ya kupima hawakupunji. Mimi hunirudisha lile daftari.

Kuna ukurasa mtu wa Ijombe ameandika kwamba viazi vyake vinanyauka ilhali majani bado ni ya kijani, na dawa ya ukungu ameshapulizia bila nafuu. Chini yake, kwa wino mwekundu, mama mmoja wa Ilungu amemjibu: kata shina karibu na ardhi, litumbukize kwenye glasi ya maji safi, usiitikise. Ukiona uzi mweupe kama maziwa unashuka kutoka kwenye mkato, huo ni mnyauko bakteria, tua solo lako (bomba la mgongoni la kupulizia). Dawa ya kuutibu haipo. Ng'oa shina na viazi vyake, utoe shambani, na hapo usirudishe viazi, wala nyanya, wala bilinganya, weka mahindi.

Nililifanya hilo kwangu na shina lililonitia wasiwasi. Nikasimama mlangoni penye mwanga, na baada ya dakika chache uzi ukaanza kushuka, mwembamba, haukatiki. Nilikuwa nimeshaandaa hela ya dawa.

Sasa fikiria: daftari la muuzaji lenyewe ndilo lililomnyima mauzo. Nilimuuliza dada wa kaunta kama halimharibii biashara. "Yule baba wa Ijombe mbegu ya mahindi alinunua wapi?" akanijibu, huku akimpimia mtu mwingine urea. Mteja akiingia na kutaja dawa kwa jina, husogezewa daftari: "Soma kwanza, baba, ndipo uniambie unataka nini."

Kurasa za ukungu wa viazi nazo ni nzuri. Wengi wamelalamika kwamba mankozebu haifanyi kazi, mpaka mmoja akafafanua kwamba ile ni dawa ya kukinga, hukaa juu ya jani. Ukingoja madoa yaenee ndipo upulizie, umechelewa, na mvua kubwa ikipiga nayo huiosha. Maelezo hayo yako kwenye lebo pia, kwa herufi za kumtoa mtu machozi.

Kasoro zipo, na si ndogo. Watu hawaandiki tarehe. "Nilipulizia kila wiki vikapona" hainisaidii kama sijui ilikuwa masika au viazi vya kumwagilia kiangazi, maana ukungu unapenda ubaridi na unyevu. Vipimo ndiyo balaa kabisa: "vifuniko viwili kwa solo moja". Kifuniko cha chupa ipi? Solo la lita 15 au 20? Hapo rudi kwenye lebo, hata kama macho yatauma. Na yako maandishi ya ovyo ambayo hakuna aliyeyasahihisha. Mtaalamu kutoka TARI Uyole, kituo cha utafiti wa kilimo, ambao ni majirani, akialikwa mara moja kwa msimu angeyapigia mstari.

Siku ya soko usiende, daftari hufunikwa na mifuko ya watu. Asubuhi za kawaida unasoma kwa raha, na vijana wanapiga picha kurasa kwa simu bila kuulizwa.

Nawapa nyota nne kati ya tano. Ya tano nitaitoa wakichora safu ya tarehe.