Tathmini: kikoa cha .co.ke kwa gesti na hoteli za Lamu na Malindi

Mgeni aliye Milano akiambiwa atume arubuni ya vyumba viwili vya Shela, na maagizo yametoka kwenye anwani ya Gmail, ana haki ya kusita. Anwani kama hiyo yeyote huifungua kwa dakika tano. Yakitoka kwenye anwani ya .co.ke yenye jina lile lile lililo juu ya mlango wa gesti, shaka hupungua. Kwa hilo peke yake kikoa hiki, yaani jina linalobeba tovuti na barua pepe zako, kinastahili pesa yake.

Kinanunuliwa kwa msajili aliyeidhinishwa na KENIC, shirika linalosimamia .ke, na wasajili wengi wa hapa hupokea M-Pesa. Serikali ina .go.ke, vyuo .ac.ke, shule .sc.ke, na hizo hudai barua na vyeti. Kwa .co.ke cheti hakiulizwi, anayetangulia ndiye mwenye jina. Basi andikisha kwanza, bango la mtaani Mkomani lichorwe baadaye. Tangu 2017 unaweza kuchukua .ke tupu pia, ambayo ni fupi na hupendeza kwenye ubavu wa mashua.

Kasoro tunazoziona hazitoki kwenye kikoa chenyewe. Fundi wa tovuti hukiandikisha kwa jina lake na barua pepe yake; mkikosana, anaondoka nacho, kwa sababu msimbo wa kuhamishia kikoa kwa msajili mwingine hupewa mwenye akaunti. Kabla ya kumlipa fungu la mwisho, akaunti iwe kwa jina la biashara na nenosiri liwe mkononi mwako.

Barua pepe ya akaunti hiyo isiwe ya kikoa hicho hicho. Muda uliolipiwa ukiisha, barua pepe hufa pamoja na tovuti, na kiungo cha kubadilisha nenosiri kinakwenda kwenye sanduku lililofungwa. Tena angalia mwezi. Ukiandikisha Mei, bili hurudi Mei, masika yamekaza, gesti zimefungwa na hakuna anayesoma barua. Andikisha Desemba, au lipia miaka kadhaa kwa mpigo.

Ukihamisha tovuti kwenda seva nyingine, yaani kompyuta nyingine inayoihifadhi, nakili kwanza rekodi zote za DNS, zile zinazoonyesha tovuti na barua pepe za kikoa ziko wapi. Ikisahauliwa ile ya MX, inayoelekeza barua pepe zinazoingia, tovuti itafunguka vizuri huku maombi ya vyumba yakipotea, nawe usijue. Bila rekodi ya SPF, inayotaja seva zinazoruhusiwa kutuma barua kwa jina lako, majibu yako huangukia kwenye kapu la barua taka za mgeni. Mabadiliko huchukua hadi siku mbili kuenea, kwa hiyo kazi hii si ya wiki ya Krismasi.

Wenye hoteli za Malindi wanaoegemea kikoa cha Ulaya wakumbuke yaliyowapata Waingereza. Baada ya Brexit, yaani Uingereza kujitoa Umoja wa Ulaya, vikoa vyao vya .eu vilisimamishwa 2021 na kufutwa 2022, isipokuwa vya waliokuwa na makazi, ofisi au uraia ndani ya Umoja wa Ulaya. Kikoa cha nchi hufuata sheria za wenyewe.

Upungufu wa kweli wa .co.ke ni mmoja: Google huichukulia kuwa ishara ya tovuti ya Wakenya, ilhali hoteli nyingi za Malindi huwinda Waitaliano. Chukua na .com ya jina hilo, uielekeze kwenye .co.ke, na barua pepe zote zibaki upande mmoja.