Canon 2000D baada ya mwaka na ushee: soma kwanza ndo upande daladala ya Kariakoo

Wakuu, juzi dogo mmoja wa mtaani kwetu Sinza kaniuliza anunue kamera gani ya kuanzia, ana hela ya kamera moja tu na hana hela ya kukosea, nikajikuta namjibu nusu saa nzima kasimama na chipsi zake mkononi zinapoa. Nikaona bora niandike kabisa.

Mi natumia Canon 2000D, ile iliyotoka 2018. Kwa picha za mnato sina ugomvi nayo. Megapikseli 24.1 ni nyingi kuliko kazi zangu zote, waifai ipo kwa hiyo mteja anarushiwa picha kwenye simu kabla hajavua viatu, na mwanga ukiwepo inatoa picha safi sana, nimepiga Feri asubuhi boti zikiingia na zile picha mpaka leo ndo naonyeshea watu (omba ruhusa kwanza pale, jamaa hawapendi kupigwa kimyakimya). Menyu zake zinaeleweka, hata kama hujawahi kushika kamera, wiki mbili tu unaacha oto unaanza kuset mwenyewe.

Sasa mahali nilipopigwa. Hii kamera inauzwa na lenzi ya 18-55 (namba ni milimita, 18 inachukua eneo pana, 55 inavuta karibu), ila hizo 18-55 ziko mbili. Kuna yenye herufi IS, hiyo ina kitulizo cha kutetemeka kwa mkono, na kuna nyingine imeandikwa III tu, haina. Ukiziangalia haraka ni mapacha. Muuzaji, duka silitaji, kaniambia "kaka hii orijino, boksi halijafunguliwa", na kweli halikuwa limefunguliwa, hakudanganya, alinyamaza tu. Nimekuja kushtuka nyumbani baada ya siku kadhaa, napiga jioni barazani picha zote kama nimepiga nikiwa kwenye bodaboda. Kwa hiyo ukifika dukani usisome boksi, shika lenzi, angalia ubavuni: yenye kitulizo ina swichi mbili, ya fokasi na ya STABILIZER, ile nyingine ina swichi moja. Na muuzaji akikwambia zote sawa, basi akupe yenye mbili si ni sawa tu.

Ila msinielewe vibaya, hicho kitulizo kinatuliza mkono wako, hakimtulizi bi harusi anayecheza. Ukumbini gizani dawa ni lenzi ya 50mm f/1.8 (hiyo namba ya f ikiwa ndogo, tundu la lenzi linafunguka zaidi), inameza mwanga kuliko hiyo 18-55 na ndo lenzi ya bei ndogo kuliko zote za Canon zenye maana. Kwenye kamera hizi, kwa kuwa sensa yake ni ndogo, inavuta kana kwamba ni 80mm, kwa hiyo sebule ndogo za kwetu utarudi nyuma mpaka mgongo uguse friji, ila sura za watu zinatoka, nyuma pamefifia, mteja anafurahi.

Shida ya 2000D kwa sisi wa Dar ni kwamba michongo ya mwanzo karibu yote ni kitchen party na sendoff, na huko mtu anataka picha na video humohumo. Kamera hii haina tundu la maiki. Kioo chake hakigeuki wala hakigusiki. Halafu pale juu pa kuchomekea flashi, Canon waliiondoa ile pini ya katikati, na flashi nyingi za bei poa zisizo na oto zinaitegemea pini hiyohiyo, yaani flashi itakaa vizuri, itawaka taa zake, ukibonyeza haipigi. Inabidi utafute inayoelewana na Canon, na hiyo ina bei yake.

Ndo maana dogo nimemwambia atafute 700D ya mtumba. Ya 2013, ni mzee, megapikseli 18 na waifai haina, lakini kioo kinageuka na kuguswa, maiki inaingia, pini ipo, na inapiga picha 5 kwa sekunde wakati yangu inapiga 3. Ukiikuta imeandikwa Rebel T5i au Kiss X7i usikimbie, ni ileile, majina ya Marekani na Japani. Ila 4000D, mdogo wake 2000D, achaneni nayo, ile hata sehemu ya kufungia lenzi ni plastiki.

Nikon D3500 nayo nzuri, betri yake kiwandani wameipima picha 1,550 kwa chaji moja, yangu 500, na umeme wetu mnaujua. Lakini walishaacha kuitengeneza, na lenzi zao za zamani za AF-D, zile zinazotegemea mota ya kamera kufokasi, ukizifunga hapo unafokasi kwa mkono maana bodi haina mota. Na mi washikaji zangu wote wana Canon, lenzi naazima kwao, hilo peke yake lilishaamua.

Ukinunua mtumba beba tochi ya simu, mulika ndani ya lenzi, ukiona vinyuzi kama utando wa buibui hiyo ni fangasi, unyevu wa huku pwani unaipenda sana lenzi. Rudisha, hata wakushushie bei. Beba memori kadi yako, piga picha pale pale, zikuze kwenye kioo. Dai risiti ya EFD. Na usiende Jumamosi, Msimbazi siku hiyo unapigwa vikumbo mpaka kamera ya watu inakudondoka kabla hujailipia.