Rachel Ruysch mjini Boston: uzoefu wangu

Sijawahi kuona mtu aliyechora jani lililoliwa na kiwavi kwa heshima kama Rachel Ruysch, mchoraji wa maua wa Uholanzi wa kale. Nilimwona kwenye maonyesho yake katika jumba la Museum of Fine Arts, Boston, yaliyofungwa Desemba 2025 baada ya kupita kwanza Munich, Ujerumani, na Toledo ya Marekani. Kwangu yalistahili nauli na siku nzima.

Kwa mbali picha yake ni chombo cha maua juu ya meza ya marumaru, nyuma giza, basi. Sogea. Bua la mpopi limelemewa na ua lake, sisimizi anapanda taratibu, panzi ametulia ukingoni mwa meza, na jani limetobolewa huku kingo zake zikianza kugeuka kahawia. Shangazi yangu, aliyefundisha baiolojia miaka mingi, aliganda hapo. Nikazunguka chumba kizima na kurudi nikamkuta palepale. "Huyu mama aliwajua wadudu hawa mmoja mmoja," akaniambia.

Alikuwa na pa kujifunzia. Baba yake, Frederik Ruysch, alikuwa bingwa wa anatomia na mwalimu wa botania katika bustani ya mimea ya Amsterdam, na mkusanyiko wake wa viumbe vilivyohifadhiwa ulinunuliwa na Petro Mkuu wa Urusi mwaka 1717. Ndiyo maana nimewapenda sana waandaaji kwa kuweka wadudu na mimea iliyokaushwa pamoja na picha. Unamtazama mbawakawa mwenyewe, kisha unamtafuta kwenye turubai. Ukikuta mpungate au ua la pasheni kwenye chombo cha Mholanzi wa wakati ule, jiulize umefikaje: mimea hiyo ya Amerika ilivuka bahari kwa meli za biashara ya makoloni.

Kinachoniuma ni kwamba enzi zake alijulikana mno. Alizaliwa 1664, akafundishwa na Willem van Aelst, na mwaka 1701 akaingia chama cha wachoraji cha The Hague, mwanamke wa kwanza humo. Kuanzia 1708 alikuwa mchoraji wa Johann Wilhelm, mtawala aliyekuwa na makao Düsseldorf, huku akiendelea kuishi Amsterdam na kulea. Alizaa watoto 10, jamani! Alipofariki 1750, washairi 11 walikuwa wameshamsifu kwa mashairi. Halafu ikapita zaidi ya miaka 270 kabla ya kufanyiwa maonyesho makubwa ya peke yake.

Uliyekosa, picha zake zipo Rijksmuseum ya Amsterdam na Mauritshuis ya The Hague. Usianze na zile kubwa. Anza na ndogo za uzeeni, na utafute sahihi. Alizoea kuandika umri wake hapo, na ile ya mwaka 1747, iliyoko Lille, Ufaransa, ina namba 83.